Mbio za wikiendi na gari la zamani Dodoma: kuandaa Datsun 240Z, uwanja na marafiki

Gari la zamani likikimbizwa Dodoma haliangushwi na uchache wa nguvu. Linaangushwa na joto, vumbi na breki. Anayetaka wikiendi nzuri ashughulike na hayo matatu kwanza, mambo ya kabureta kubwa na ekzosi ya kelele yaje baadaye au yasije kabisa.

Mwongozo huu ni wa gari moja, marafiki watano au sita, na siku tatu kuanzia Ijumaa. Gari la mfano ni Datsun 240Z, lenye injini ya silinda sita ya cc 2,393, kabureta mbili na magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Tumelichagua kwa sababu lina historia kwenye vumbi letu: lilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973. Mwenye Datsun 160J, Ford Escort au Peugeot 504 atafuata hatua zilezile, abadilishe vipimo tu kulingana na kitabu cha gari lake.

Mbio za namna gani

Mkimbie mmoja mmoja dhidi ya saa. Magari mawili yakitoka pamoja kwenye changarawe, la nyuma halioni kitu kwa vumbi, na ajali nyingi za marafiki huanzia hapo. Kukimbia dhidi ya saa pia kunawawezesha watu wanne kutumia gari moja na bado mkapata mshindi wa haki, kwa kuwa chombo ni kilekile na njia ni ileile.

Barabara ya umma isiguswe, hata ile ya vumbi inayoelekea Hombolo ambayo alfajiri huonekana haina mtu. Kuna baiskeli, kuna mbuzi, kuna mtoto anayekwenda kuchota maji.

Uwanja na ruhusa

Tafuteni ardhi ya mtu binafsi iliyo wazi, na ruhusa ya mwenyewe iwe ya maandishi. Kisha nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa au serikali ya kijiji, halafu kituo cha polisi cha eneo. Kama mtaalika watu wa nje au kutoza kiingilio, wasilianeni mapema na AAT, chama cha magari cha Tanzania, kwa sababu hapo si tena jambo la marafiki. Bima ya kawaida ya gari kwa desturi haigusi uharibifu uliotokea kwenye mbio, hivyo ulizeni na mpate jibu kwenye karatasi.

Udongo una maana kubwa. Ule mwekundu wenye changarawe ndogo ndio mzuri: unashika na unakauka haraka. Udongo mweusi wa mbuga, kama wa uwanda wa Bahi, uepukeni. Kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kumeza ukingo wa tairi, na mvua kidogo tu ikinyesha unakuwa utelezi mtupu. Msimu unaofaa ni Juni hadi Agosti. Oktoba na Novemba jua ni kali mno kwa injini ya umri huu, na kuanzia Desemba mvua zinakuwa zimeingia.

Njia ya mita 1,200 inatosha. Upana usipungue mita 8, na sehemu iliyonyooka isizidi mita 150, ili gari lisifike mbali zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kila kona iwe na mita 20 za ardhi tupu upande wa nje, bila jiwe, kisiki, kichuguu wala shimo. Watazamaji wasikae kamwe upande wa nje wa kona. Wawekwe pamoja, nyuma ya kamba, mita 40 kutoka njiani, na upande unakotoka upepo. Kiangazi upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo hema la mpima muda na gereji yenu ya muda viwe upande huo, vumbi liende kwingine.

Mtembee njia nzima kwa miguu, wote, mkiwa mmeshika ndoo. Okoteni mawe yanayozidi ukubwa wa ngumi, misumari, vipande vya chupa na hasa matawi ya mgunga. Mwiba mkavu wa mgunga unapenya tairi upande wa kando, na tundu la kando halizibwi likaaminika kwa mbio.

Agizeni boza la maji. Hesabu yake ni rahisi: mita 1,200 mara mita 8 ni mita za mraba 9,600, na kila mita ya mraba inahitaji lita moja. Boza la lita 10,000 linamaliza kazi kwa mzunguko mmoja. Kwa jua na upepo wa hapa unyevu huo haudumu sana, kwa hiyo mwageni nusu asubuhi na nusu iliyobaki kabla ya kipindi cha alasiri. Msilowanishe hadi pakawa na tope, kwani gari litachimba mifereji ambayo ikikauka inageuka reli.

Spea, wiki mbili kabla

Plagi, hosi, klipu, mafuta ya breki na mikanda ya feni mtapata madukani Dodoma. Pointi za distributa (kigawa umeme wa plagi), rota, kifuniko cha distributa, vifaa vya kukarabati kabureta na gasketi ya kichwa cha injini mara nyingi vitatoka Dar es Salaam, mitaa ya Gerezani na Kariakoo, au vitaagizwa kutoka nje. Ndiyo maana tunasema wiki mbili. Spea ikija na basi siku ya Ijumaa jioni, imeshachelewa.

Kila kinachobadilishwa kinunuliwe viwili: kimoja kwenye gari, kimoja kwenye boksi.

Joto

Injini ya 240Z ina bloku ya chuma na kichwa cha alumini. Vitu hivi viwili havitanuki sawa vikipata moto. Likichemsha mara moja sawasawa, kichwa kinapinda, gasketi inavuja, na wikiendi imekwisha. Hakuna gharama kubwa kuliko hiyo kwenye orodha yote hii.

Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachookoa injini ni mgandamizo, na mgandamizo unashikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wa gari hili hushika takriban psi 13, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Raba ya mfuniko ikiwa imekakamaa au springi yake imelegea, akiba hiyo yote inapotea na mshale wa joto hautakwambia chochote mpaka mvuke utoke. Nunua mfuniko mpya, hata kama wa zamani unaonekana mzima.

Kisha fanya hivi:

1. Injini ikiwa ya baridi, fungua bomba la chini la rejeta, mwaga maji yote. Yakitoka ya kahawia, pitisha maji safi ya mpira kinyume, kutoka chini kwenda juu, mpaka yawe meupe.
2. Pulizia mapezi ya rejeta kwa hewa ya kompresa kutoka upande wa injini kwenda mbele. Vumbi na mbegu za nyasi ziliingia kutoka mbele. Ukipuliza kutoka mbele unazisukuma ndani zaidi. Hewa isiwe kali, mapezi yanalala.
3. Toa themostati, yaani valvu inayofunguka maji ya injini yakipata moto, uipime. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Ya nyuzi 82 inapaswa kuanza kufunguka hapo hapo 82, na maji yakipanda nyuzi 10 zaidi iwe imefunguka wazi. Kwa joto letu ile ya nyuzi 76.5, iliyotengenezwa kwa nchi za joto, ni bora zaidi.
4. Badilisha hosi zote mbili kubwa na zile ndogo za hita. Hosi ya zamani ibonyeze kwa vidole: ikilia kama karatasi au ikiwa laini kama ini, imekwisha.
5. Jaza nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa. Mfumo unachukua karibu lita 10, kwa hiyo lita 5 kwa 5. Maji ya bomba ya Dodoma yana chumvi nyingi na huacha ukoko ndani ya mirija.
6. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, acha ipate moto, jaza kila maji yanaposhuka, mpaka mapovu yaishe. Ndipo ufunge.

Hapa kuna tabia moja ya gereji inayotukera: kutoa themostati na kuitupa, eti gari lisichemshe. Maji yakizunguka bila kizuizi, asubuhi injini inachelewa kupata moto, petroli inaosha kuta za silinda na ringi zinalika. Mchana ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyoziba au pampu iliyochoka, unabaki palepale umefichwa. Kama gari linachemsha likiwa na themostati nzima, tafuta kilichoziba.

Njia ya kukitafuta ni ya mkono. Endesha dakika 15, zima, subiri feni isimame kabisa, kisha pitisha kiganja taratibu mbele ya mapezi, bila kugusa mfuniko wala hosi. Joto linapaswa kupungua polepole kutoka upande maji yanakoingilia hadi yanakotokea. Ukikuta sehemu ya ukubwa wa kiganja iliyo baridi katikati ya zilizo moto, mirija ya hapo imeziba, na rejeta iende kwa fundi wa kufungua matangi na kusafisha kwa fimbo.

Vumbi

Tumia chujio la sponji lililopakwa mafuta maalumu, au la karatasi jipya. Uwe nayo mawili na ubadilishe kila baada ya kipindi, si kila baada ya siku. La karatasi lisipulizwe kwa kompresa kali, linatoboka matundu usiyoyaona.

Lakini mara nyingi vumbi halipiti kwenye chujio. Linapita kwenye gasketi kati ya boksi la chujio na mdomo wa kabureta. Kulijua ni kazi ya dakika mbili: paka grisi nyembamba sana ndani ya boksi, upande wa kabureta, endesha mzunguko mmoja wa njia, kisha fungua uguse. Grisi ikiwa na chenga, hewa chafu inaingia. Badilisha gasketi, kaza nati kwa usawa, rudia jaribio. Injini iliyokula vumbi la Dodoma wikiendi moja inaweza kurudi nyumbani ikivuta moshi wa bluu.

Viungo vya fimbo za pedeli ya mafuta kwenye kabureta visipakwe oili, maana oili na vumbi hutengeneza msasa. Vipanguse vikavu. Weka springi ya pili ya kurudishia mafuta kwenye kila kabureta, ili moja ikikatika injini isibaki imekanyagwa.

Kabureta, petroli na moto wa plagi

Kwa mwinuko huu hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 11, hivyo gari lililotegeshwa Dar es Salaam litakula petroli nyingi kuliko linavyohitaji likifika hapa. Kabureta za 240Z zina nati ya kurekebishia mchanganyiko upande wa chini. Ipandishe yote hadi ikome, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Hicho ndicho kianzio cha pwani. Kwa Dodoma anza na miwili na robo. Kabureta zote mbili zifanane.

Halafu pima. Injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, inua pistoni ya kabureta milimita moja kwa kipini chake. Mlio ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ukishuka na injini kutaka kuzima, imepungua. Ukipanda kidogo kisha kurudi, umefika. Usijaribu kubana petroli zaidi ya hapo kwa tamaa ya kasi: mchanganyiko mkavu unachoma valvu na pistoni. Plagi ikitolewa baada ya mzunguko wa kasi iwe na rangi ya chai ya maziwa, si nyeusi wala nyeupe. Juu ya kila kabureta jaza oili nyepesi ya SAE 20, kiasi cha kufikia alama ya kijiti. Ikikauka, gari linasita unapokanyaga ghafla.

Plagi ni NGK BP6ES, mwanya milimita 0.8 hadi 0.9. Pointi za distributa milimita 0.45 hadi 0.55. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, uandikwe kwa wino usiofutika chini ya boneti, kwa sababu kuna rafiki atakayetoa waya zote kwa pamoja. Mwanya wa valvu, injini ikiwa ya moto: za kuingiza milimita 0.25, za kutoa 0.30.

Mipira yote ya petroli, ambayo ni ya milimita 8, ibadilishwe kuanzia kwenye tangi. Mpira wenye nyufa juu ya ekzosi ndio chanzo cha magari ya zamani kuungua, na kwenye 240Z kabureta na ekzosi viko upande mmoja wa injini, kimoja juu ya kingine. Bati la kuzuia joto lililo katikati lisikosekane.

Breki

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata yakiwa yametulia. DOT 4 mapya huchemka si chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedeli inakwenda hadi sakafuni. Kwa hiyo lita moja ya DOT 4, chupa ambayo haijafunguliwa, yabadilishwe yote.

Mnahitajika wawili. Gari letu lina usukani kulia na masta silinda (pampu ya breki) iko upande huo, basi anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mmoja anakanyaga polepole na kushikilia, anasema "nimeshika". Mwingine anafungua skrubu robo mzunguko, mafuta yanatoka kwa mpira kwenda kwenye chupa, anafunga, anasema "achia". Asiachie kabla ya kuambiwa, hewa itarudi ndani. Angalieni kikombe cha juu kila baada ya kukanyaga mara tano. Endeleeni mpaka mafuta yatoke masafi bila povu.

Mipira ya breki ya zamani huvimba kwa ndani huku nje ikionekana mizima. Ikivimba, mafuta yanakwenda lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Dalili yake ni rimu moja kuwa na moto kuliko nyingine. Badilisha yote. Ngoma za nyuma zikifunguliwa zisipulizwe kwa hewa: shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake linaua mapafu. Zipanguse kwa kitambaa chenye maji na ukitupe.

Matairi na miguu

Soma tarehe ya tairi ubavuni: tarakimu nne, kwa mfano 2321, ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililozidi miaka sita lisikimbizwe, hata likiwa na meno mapya, na matairi ya mtumba mara nyingi huangukia hapo. Kwa 195/70R14 kwenye changarawe anza na psi 26 mbele na 28 nyuma, asubuhi kabla halijatembea. Chini ya 24 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu wakati wa kona.

Inua kila gurudumu kwa jeki, liweke kwenye stendi, shika tairi juu na chini utikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, ni bering au boljointi. Likicheza kushoto na kulia peke yake, ni tairodi. Nati za magurudumu zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima mkazo), Nm 80 hadi 90, na zikaguliwe kila baada ya dereva kubadilishana.

Ndani ya gari

Fremu ya chuma ya kulinda paa, iliyochomelewa na mtu anayezijua, kiti kilichofungwa sakafuni, mkanda wa pointi nne au zaidi, helmeti. Mtungi wa poda wa kilo 2 uwe karibu na mkono wa dereva, umefungwa kwa chuma. Swichi ya kukata umeme ifikike kutoka nje. Toa kila kitu kilicholegea: jeki, chupa ya maji, zulia la dereva. Hakuna abiria, hata kwa mzunguko mmoja wa pole.

Ijumaa

Badilisha oili injini ikiwa na moto: 20W-50, lita 5 na chujio jipya. Endesha kilomita 20 kwa mwendo wa kawaida, rudi, kaza kila nati unayoifikia, angalia uvujaji chini kwa kutandika boksi jeupe la karatasi usiku kucha. Betri isicheze kwenye kiti chake. Gari lipelekwe uwanjani kwa lori au trela ikiwezekana. Likivunjika Jumapili, mtahitaji njia ya kulirudisha.

Gawaneni kazi jioni hiyohiyo: wawili wa kupima muda, wawili wa bendera kwenye kona zisizoonekana, mmoja fundi, mmoja nyuma ya usukani. Mnazunguka kwa zamu. Simu zote ziwe na namba 114 ya Zimamoto na 112 ya polisi, na mtu mmoja ateuliwe kujua njia ya kufika Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Gari lake liegeshwe likitazama nje, ufunguo ndani. Uwanjani kuwe na mitungi miwili ya kilo 9. Pombe isifike uwanjani mpaka gari lipande trela.

Jumamosi

Saa 2 asubuhi hadi saa 5 ni kipindi cha kwanza. Cha pili ni saa 9 na nusu alasiri hadi saa 12 kasorobo jioni. Katikati, gari na watu wapumzike kivulini.

Mzunguko wa kwanza wa kila dereva ni wa kutembea, gia ya pili, bila saa. Injini isipite mizunguko 3,000 kwa dakika kabla mshale wa joto haujafika mahali pake pa kawaida. Baada ya hapo kikomo chenu kiwe 5,500, ingawa alama nyekundu iko juu zaidi. Kati ya gia ya pili na ya tatu, 5,500 inakupa kila unachohitaji kwenye njia ya mita 1,200.

Kwenye changarawe, breki zote zimalizike gari likiwa limenyooka. Shusha gia, geuza usukani, kisha rudisha mguu kwenye mafuta taratibu na uuache hapo. Dereva mgeni akiingia kona kwa kasi huogopa na kuachia mafuta ghafla katikati. Uzito unakimbilia mbele, mkia unakuwa mwepesi, gari linazunguka. Mwambieni kabla, na mumrudie. Mkia ukianza kutoka, macho yatazame unakotaka kwenda na mikono itafuata.

Kila baada ya mizunguko miwili gari lipumzike dakika 10. Usizime papo hapo: liache lingurume dakika mbili, boneti wazi. Ukizima ghafla, joto la ekzosi linapanda kwenye kabureta na petroli inageuka mvuke.

Petroli: madereva wanne wakikimbia mizunguko mitatu kila kipindi, na kurudi mwanzo polepole, ni kilomita 29 hivi kwa kipindi. Vipindi vitatu vya wikiendi vitakula lita 25 hadi 30. Tangi lisishuke chini ya robo, maana kwenye kona petroli hukimbilia upande na pampu hunyonya hewa. Kujaza ni injini ikiwa imezimwa na imepoa, mtu mmoja akiwa ameshika mtungi wa moto.

Jumapili

Siku ya matokeo, asubuhi tu. Kila dereva mizunguko mitatu, miwili bora inajumlishwa. Vipima muda viwili vipime kila mzunguko na mchukue wastani. Koni ikiguswa, sekunde 5 zinaongezwa. Ukikosea njia, mzunguko haupo. Mpangilio wa kuanza ugeuzwe kila raundi, kwa sababu njia hubadilika: wa kwanza anafagia changarawe iliyolegea, wa mwisho anapata mifereji.

Andikeni kanuni ya sare kabla ya kuanza. Mwaka 1973 Shekhar Mehta kwenye 240Z na Harry Källström kwenye Datsun 180B walimaliza Safari wakiwa na pointi sawa, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Kanuni hiyohiyo inawafaa: mkilingana, anayeshinda ni aliyechelewa zaidi kugusa koni.

Likigoma

Haliwaki likiwa la moto, lakini la baridi linawaka: petroli imekuwa mvuke. Fungua boneti, funika pampu na bomba kwa kitambaa kilicholowa maji, epuka kumwagia ekzosi, subiri dakika 10. Kisha kanyaga mafuta hadi nusu na upige stata bila kupampu.

Linamisi injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu tu: angalia mwanya wa pointi kwanza. Kipande cha kusugulia kikilika, mwanya unafunga na moto wa plagi unadhoofika. Kama mwanya ni sawa, chujio la petroli.

Pedeli ya breki imekuwa laini: acheni kukimbia. Usiipampu ukaendelea. Acheni ipoe, toeni upepo upya, na kama bado ni laini siku imekwisha kwa gari hilo.

Mshale wa joto umepanda: mguu kwenye mafuta uachie, washa hita yote pamoja na feni yake, toka njiani. Mfuniko wa rejeta usiguswe kwa nusu saa. Usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemsha, alumini inapasuka.

Presha ya oili ikiwa chini ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa ya moto, zima. Kiwango cha oili kikiwa sawa na presha bado ni ndogo, usiiwashe tena mpaka fundi afungue sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Kabla ya kulihifadhi

Pulizia rejeta tena, osha chini ya gari, toa ngoma za nyuma na upanguse. Badilisha oili, ingawa ina siku tatu tu: ikiwa na chenga unapoisugua kati ya vidole, rudi kwenye gasketi ya chujio la hewa kabla hujaliwasha tena. Pima valvu. Piga grisi boljointi zote mpaka ile chafu itoke. Baada ya kilomita 50 za mwendo wa kawaida, kaza upya nati za magurudumu.